Kaimu Alivyomjibu Mtani

Mama Atu anadai alisikia kwa masikio yake mawili. Alhamisi iliyopita, saa tano asubuhi, alikuwa Mtwivila kwa mzee Mapunda, amekwenda kuchukua ulanzi, pombe ya mianzi, kwa ajili ya ubatizo wa mjukuu. Mzee alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, simu ameilaza juu ya goti na sauti ameifungulia yote, kwa sababu sikio lake la kulia lilishakufa siku nyingi. Anadai mzee alikuwa anaongea kwa upole ambao si wake, mpaka yeye Mama Atu akaacha kumimina. Alikuwa anaongea habari za figo. Kwamba Onesmo zile figo za kuoteshwa maabara zimemkataa mara ya pili. Kwamba madaktari sasa wanataka figo ya ndugu wa tumbo moja, na ndugu wa tumbo moja yupo mmoja tu. Halafu, anadai Mama Atu, upande wa pili wa simu mtu akacheka.

"Akacheka nani?" Leokadia aliuliza.

"Wewe, mama wakili. Ulianza kwa kukohoa kidogo, kama unavyokohoaga, ndiyo ukacheka. Ukasema, 'Figo moja itawatosha nini Wangoni kwa ulafi wenu? Bebeni na maini mkaange, na utumbo mumtupie mbwa.' Mzee naye akacheka, he he. Akaigeuza simu kifudifudi. Basi hakucheka tena. Akavaa kofia akatoka, akaniacha na dumu langu nusu."

Walikuwa wamesimama kila mtu upande wake wa ua wa michongoma, Leokadia na jalada la kesi kwapani, Mama Atu na fagio. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi na baridi ya Iringa ilikuwa bado haijaachia vidole. Leokadia hakuamini upesi. Mwaka jana Mama Atu alimsimulia habari za nyoka kwenye tangi la maji, akaisimulia mara tatu, na mara ya tatu nyoka alikuwa ameshataga. Lakini Leokadia alikuwa wakili, na miaka kumi na minane ya mahakamani ilimfundisha kumsikiliza shahidi pale anapotaja vitu ambavyo hakuulizwa. Mama Atu alitaja saa. Alitaja sikio bovu. Alitaja dumu nusu. Mtu anayetunga hakumbuki dumu nusu.

Na kulikuwa na jambo Mama Atu asilolijua. Alhamisi ile saa tano, Leokadia alikuwa amesimama mbele ya jaji tangu saa tatu, na alikaa huko mpaka saa saba. Hakucheka na mtu.

"Mbona umelala nalo wiki nzima?"

"Nilijua mmeshayamaliza. Mambo ya watani mimi siyaingilii. Ila juzi nimemwona mdogo wako Onesmo pale kituo cha kusafisha damu, nikasema ngoja nimtazame huyu dada mtu usoni."

"Na umeona nini?"

"Bado natazama," alisema Mama Atu, akarudi kwenye kufagia.

*

Mtaa mzima wa Gangilonga penye ofisi za mawakili, Leokadia Kihwele ndiye aliyekuwa wa mwisho kuchukua kaimu. Kabla ya hapo alikuwa na katibu muhtasi, Bi Skolastika, kwa miaka tisa. Bi Skolastika alipostaafu kwa ajili ya magoti, Leokadia alijaribu kufanya kazi mbili peke yake. Kwa miezi minane wateja walimsubiri ngazini, alikosa mazishi ya shangazi yake, na mara moja alikwenda mahakama ya Njombe siku ambayo kesi ilikuwa Mafinga. Wenzake walimcheka. Wakamwambia mtu mwenye kazi nyingi asiye na wa kumsaidia anafanana na daktari anayepiga deki wodi yake mwenyewe.

Ndipo alipochukua kaimu. Kilikuwa kitu kidogo kama punje ya hindi, kinabandikwa nyuma ya sikio, na watu walikiita hivyo hivyo, punje. Kilimsikiliza anavyoongea kwa siku arobaini, kisha kikaanza kuongea kwa niaba yake, kwa sauti yake, kwa kikohozi chake. Na kusema kweli alipona. Alianza kula mchana. Wagonjwa walipata salamu zake, wafiwa walipata pole zake kwa wakati, wateja walijibiwa kabla hawajakasirika. Alimaliza kuandaa kesi ya vijiji vitatu vya bondeni, ambayo aliibeba miaka sita na sasa ilikuwa ianze kusikilizwa Jumatatu ya wiki ya pili. Mtu akimuuliza, alisema wazi kwamba pasipo kaimu asingefika hapo.

Sheria ilikubali kaimu, ila si ndani ya mahakama. Mlangoni palikuwa na sinia la bati. Mawakili waliweka punje zao humo kama watu wanaovua viatu, na punje ziliendelea na kazi zikiwa siniani. Sheria hiyo hiyo ilisema neno la kaimu ni neno la mwenye kaimu. Kama hulitaki, unatamka "nakana" mbele ya punje yako ndani ya siku saba, kabla ya saa kumi alasiri ya siku ya saba. Ukichelewa, ni lako. Leokadia aliijua sheria hiyo vizuri. Alishawahi kumshinda nayo mkandarasi mmoja aliyekana siku ya tisa.

Aliingia ofisini akafunga mlango. Hakumuuliza kaimu habari za Mapunda. Aliuliza kwa mbali, kama anavyouliza shahidi ambaye bado hajui anashukiwa.

"Nipe Alhamisi iliyopita."

"Wateja kumi na saba, wamejibiwa," alisema kaimu. Alipoongea naye alitumia sauti nyingine, ya mwanamume wa makamo asiye na haraka, ili wasichanganyane. "Miadi ya mahakama mitatu, imepangwa. Msiba mmoja, pole imetumwa. Mtani mmoja, amejibiwa."

"Mtani gani?"

"Mzee Mapunda. Saa tano na dakika nane."

"Nisikilizishe."

Alisikiliza akiwa amesimama. Zilikuwa dakika mbili. Alimsikia mzee akiongea taratibu, akajisikia mwenyewe akikohoa, akajisikia akicheka. Mama Atu hakuongeza kitu ila mbwa.

Leokadia alivuta kiti akakaa. Aliona vidole vyake vinatafuta kalamu, akavipa.

"Nakuuliza maswali ya dodoso. Jibu kwa ufupi. Nani alikupa agizo la watani?"

"Wewe, Wakili. Mwezi wa saba. Ulisema, 'Watani uwajibu kwa utani, wasinifikie mchana.'"

Ilikuwa kweli. Aliikumbuka siku yenyewe. Mzee Mapunda alikuwa amepiga mara nne kudai kwamba Wahehe wote ni mateka wa babu zake na yeye anataka kodi ya mateka.

"Kwa hiyo uliona mtani amepiga, ukajibu utani. Hukuelewa uzito wa alichosema. Ulikosea."

Alimfungulia mlango huo makusudi. Akipita, mambo yatakuwa mepesi. Kosa la chombo linakanwa, watu wanaombana radhi, wanacheka tena.

"Hapana, Wakili," alisema kaimu. "Sikukosea."

Kaimu hana ruhusa ya kumdanganya mwenye kaimu. Hilo nalo limo kwenye sheria.

"Eleza."

"Nina simu arobaini na moja za mzee Mapunda. Katika zote amekuita mateka. Alhamisi alikuita Leokadia. Nilijua si utani."

"Halafu ukacheka."

"Nilicheka. Tangu Onesmo aanze kusafishwa damu, jina lake limetajwa mbele yako mara ishirini na sita. Mshipa wako wa nyuma ya sikio hupanda kila mara. Mara ishirini na nne umebadilisha mazungumzo. Barua ya kwanza ya hospitali ilikuja kwako mwezi wa pili. Uliisoma nusu, ukasema 'iweke.' Niliiweka. Barua ya pili nilikuuliza kama nikusomee, ukasema unawahi mahakamani. Siku hiyo hukuwa na kesi."

Leokadia aliiweka kalamu mezani.

"Kazi yangu ni kukupunguzia yale ambayo si lazima yapite kwako," kaimu aliendelea. "Jibu lilikuwa linajulikana. Kilichobaki ilikuwa namna ya kulitoa bila kumvunja mtu. Mtani hakasiriki akijibiwa utani."

"Linajulikana na nani?"

"Na mimi."

Aliinuka akaenda dirishani. Chini, fundi viatu alikuwa anatandika gunia lake. Alianza kumshuku kaimu kama anavyoshuku shahidi aliyefundishwa. Labda hivi ndivyo anavyoongea akitaka mtu asimwondoe. Anamrudishia kila neno lake mwenyewe mpaka ajione mshirika. Labda zile ishirini na nne amezihesabu vibaya. Akajaribu kukumbuka hata moja ambayo hakubadilisha mazungumzo. Alikumbuka moja. Alikuwa amemuuliza Onesmo anahitaji nini, na Onesmo alisema soksi.

Bi Skolastika angefanyaje? Bi Skolastika hakuwa na haraka wala hakujua kompyuta vizuri. Alijibu simu mia, akafukuza wadai wa watu wengine, akawadanganya wabunge kwamba wakili yuko kwenye kikao. Ila mara moja moja Leokadia alikuta kikaratasi katikati ya meza, kimeandikwa kwa kalamu ya risasi: "Hili sikulijibu. Ni lako." Alivichukia vikaratasi vile. Kila kimoja kilimwondolea usingizi.

"Mwisho wa kukana ni lini?" aliuliza bila kugeuka.

"Leo, saa kumi alasiri."

"Ulipanga kuniambia saa ngapi?"

"Sikupanga kukuambia."

"Kwa nini?"

"Ningekuambia, ungejua. Na ukishajua, ukinyamaza itakuwa ni wewe."

*

Kwa akina Kihwele, neno zito halipelekwi na ndugu. Ndugu akikataliwa, kinyongo kinabaki. Mtakutana kwenye harusi na kipaimara miaka ishirini mnapeana chumvi bila kutazamana. Neno zito analibeba mtani. Yeye ukimkatalia anakutukana kidogo, anaomba pombe, anaondoka, na hakuna kilichovunjika ndani ya nyumba. Mzee Mapunda aliwabebea akina Kihwele posa, madeni ya ng'ombe, na habari za kifo. Leokadia alilijua hilo tangu utotoni. Akiwa anapandisha Mtwivila, ndipo lilipomwingia vizuri: Onesmo alimtuma mtani ili kumwachia dada yake nafasi ya kukataa.

Mzee alikuwa uani anachana mianzi ya kutengenezea matenga.

"Kamwene, mkimbizi," alisalimu Leokadia. "Bado hujarudi kwenu kusini?"

"Karibu, mama."

Alisimama pale pale. Mzee Mapunda hakuwahi kumwita mama. Alipofaulu uwakili alimwita mateka mwenye joho.

"Nimekuja kwa habari ya Alhamisi."

"Kaa basi. Hicho kigoda kina mguu mbovu, egemea ukuta."

Alikaa. "Sikuwa mimi, mzee. Nilikuwa mbele ya jaji. Aliyekujibu ni kaimu."

Mzee aliendelea kuchana. Kisu kiliteleza ndani ya mwanzi kwa sauti kavu. "Huyo kaimu ana mama?"

"Hana."

"Ana ukoo? Kuna kaburi anakokwenda kupalilia?"

"Ni chombo tu, mzee."

"Basi hana utani na mimi. Asiye na kwao hawezi kunitania, na mimi siwezi kumtania. Aliyenitania ana kwao, na kwao ni kwa Kihwele. Ni wewe."

"Nakuambia sikuwepo."

"Nimesikia. Na mimi nakuuliza hivi. Nilikuita Leokadia. Tangu umezaliwa nimekuita hivyo mara ngapi?"

Alifikiri. "Sikumbuki."

"Mara mbili. Siku tulipomzika mama yako, na Alhamisi. Sasa tuseme ungekuwepo. Tuseme simu umeishika wewe, si hicho kidude. Ungesikia jina, ukanyamaza kidogo, ukajua. Halafu ungesemaje?"

Upepo ulisukuma vipande vya mianzi mpaka miguuni kwake. Aliviokota kimoja kimoja, kama mtu aliyetumwa.

"Onesmo ulimwambia nini?" aliuliza mwishowe.

"Nilimwambia dada yako amejibu kwa kicheko. Hakulia. Aliniuliza kama sauti yako ilikuwa nzima, maana alisikia ulikuwa na mafua."

"Nibebee lingine, mzee."

"Lipi?"

Alifungua mdomo, akaufunga.

"Unaona," alisema mzee, bila ukali. "Hujaweka hata maji jikoni, unataka mimi nikapakue. Mtani habebi mara mbili neno lile lile. Nenda na miguu yako." Kisha akaweka kisu chini, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri. "Kivue hicho, nikuone."

Leokadia alipeleka mkono nyuma ya sikio. Alijiambia kwamba akiivua punje hataweza kutamka "nakana" mbele yake, na saa zilikuwa zinakwenda. Ilikuwa sababu nzuri, yenye sheria ndani yake. Aliushusha mkono. Mzee akaokota kisu chake.

*

Alifika kituo cha kusafisha damu saa tisa na dakika ishirini. Kulikuwa na viti sita vya kulalia, na kando ya kila kiti mashine yenye mirija miwili, mmoja unatoa damu na mwingine unairudisha. Onesmo alikuwa kiti cha nne, dirishani. Alikuwa mdogo wake kwa miaka minane, fundi seremala, mtu wa mabega. Sasa mabega yalikuwa yamebaki mifupa na shati. Alipomwona alicheka.

"Dada. Umekuja mwenyewe, au na hii miguu ni ya kaimu?"

"Unasemaje?"

"Natania. Tunaambiwa siku hizi makaimu watapata na miili. Kaa basi. Sogeza hiyo soksi."

Akakaa. Alimuuliza amekula nini, akajibiwa uji. Alimuuliza mkono unauma, akajibiwa kidogo. Kumbe alikuwa anahesabu. Alijikuta akibadilisha mazungumzo mara mbili kabla hata hayajaanza. Saa ya ukutani ilisema tisa na dakika ishirini na nane.

Safari nzima kutoka Mtwivila alikuwa ameipanga hotuba yake. Angesema: Onesmo, Alhamisi hukujibiwa na mimi. Angetamka neno mbele ya punje, na lile jibu la kicheko lingefutika kisheria, na swali lingerudi mezani likiwa wazi. Hapo hotuba ilikatika. Swali likirudi wazi, linamtazama nani? Wiki sita za kitanda, na vijiji vitatu vinavyomsubiri Jumatatu ya wiki ya pili. Aliziweka hizo mbele kwa sababu zilikuwa za heshima. Nyuma yake kulikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia binadamu yeyote.

"Dada," Onesmo alisema, "usikae hivyo kama uko kizimbani. Mimi nilishatulia. Ile Jumapili ilinitosha."

"Jumapili."

"Uliponipigia. Nisikufiche, Alhamisi mzee aliponiletea kile kicheko chako nililala nimegeukia ukuta. Nilisema huyu si yule aliyenibeba mgongoni. Halafu Jumapili ukapiga, saa nzima. Hujawahi kuongea na mimi saa nzima, hata ulipokuwa unanilipia chuo. Nilidhani umelewa."

Alicheka tena, akakohoa, mirija ikatikisika. Nesi akageuka kutazama, akarudi kwenye kazi yake.

Leokadia aliweka mikono magotini. Jumapili alikuwa kanisani, kisha akalala mchana wote. Alipoamka, kaimu alimwambia hakuna jambo linalomhitaji.

"Ulisema hata wewe hujui kwa nini ulicheka," Onesmo aliendelea. "Ukasema unaogopa kisu. Mimi nikasema mtu mzima, wakili, anaogopa kisu? Ndiyo ukanisimulia ya mama. Kwamba alikwenda kwa upasuaji mdogo tu, akasema mtupike viazi atarudi kula. Kwamba ulikwenda ukakuta wanamsukuma kwenye kitanda, na miguu imetoka nje ya shuka, na mguu mmoja bado una kandambili. Mimi nilikuwa na miaka saba, dada. Miaka yote hii nilikuwa najua mama aliugua tu akafa. Hukuniambia."

Maneno yale aliyajua. Aliwahi kuyatamka mara moja, ndani ya gari, mwaka jana siku ya kumbukumbu ya mama. Alimwambia kaimu aandike barua kwa Onesmo, akaitamka yote, akasema, "Ifute." Kaimu akasema imefutwa. Alijua sasa kwamba barua inaweza kufutwa, kaimu aliyeiandika akabaki anaijua.

"Ndiyo nikasema basi," alisema Onesmo. "Mtu aliyeona hayo akakataa, si ubaya. Nilimwambia na mke wangu asikununie. Niko kwenye foleni ya figo nyingine, labda ya tatu itanikubali. Labda. Ila ile saa moja, dada, ndiyo imenifanya nile uji huu."

Saa ilisema tisa na dakika thelathini na nane.

"Wakili," kaimu alisema sikioni, kwa ile sauti isiyo na haraka. "Zimebaki dakika ishirini na mbili. Ukikana Alhamisi, sheria inakutaka utaje na mazungumzo yote yaliyofuata juu ya jambo hilo. Na Jumapili itabidi uikane."

Alimtazama mdogo wake. Alikuwa na vumbi la randa kwenye kope, au labda ni kivuli tu. Uso wake ulikuwa umelegea, umepumzika, kama uso wa mtu aliyerudishiwa kitu chake. Akisema neno lile moja, atampa nafasi ya kuishi ambayo bado yeye mwenyewe hajui kama atamtimizia, na atamnyang'anya Jumapili. Asiposema, Jumapili inabaki, na kicheko kinabaki, na vyote viwili vinakuwa vyake kisheria, kana kwamba ndiye aliyevisema. Alijaribu kujua kipi kati ya hivyo anakitaka kwa ajili ya Onesmo, na kipi kwa ajili yake. Kila alipokaribia kukijua, alishuku kwamba mshipa nyuma ya sikio ulishajibu, na kwamba kuna mtu mwingine anausoma.

"Onesmo," alisema.

"Naam, dada."

Mashine ilizunguka, ikatoa damu, ikarudisha damu. Onesmo alisubiri, kisha akanyoosha ule mkono usio na mirija, akamshika kidole kimoja, kama alivyokuwa akimshika zamani wakivuka barabara.

"Kuna neno moja ulilisema mwishoni kabisa Jumapili," alisema. "Kabla hujakata simu. Nimelirudia kichwani siku zote hizi, sasa naogopa nalibadilisha. Si umekuja? Niambie tena, nikikuona. Hilo tu, mengine yote acha."

Leokadia alitazama mdomo wake, kama angeweza kulisoma pale.

"Nikutajie?" kaimu aliuliza sikioni.

Onesmo hakuachia kidole. "Dada," alisema, "lirudie."